Deni la Kitivo cha Elimu kwa Shule Zinazowapokea Wanafunzi Wake

Swali: Profesa, shikamoo. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika kitivo cha elimu cha chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Hivi karibuni nimeteuliwa kuwa mratibu wa kamati mpya ya usawa na ushirikishwaji wa jamii. Amidi anataka mpango kazi kabla muhula haujaisha, na bajeti niliyopewa haizidi gharama ya semina moja. Wenzangu wananishauri tuwe na siku moja kila mwaka ya kutembelea shule za jirani, tupeleke madaftari na taulo za kike, tupande miti, tupige picha na kuandika taarifa. Moyoni naona hilo halitoshi, ila sijui niweke nini badala yake. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Wasiwasi wako una msingi, ingawa sitaanza kwa kuwabeza wenzako. Msichana anayekosa masomo siku kadhaa kila mwezi kwa kuwa hana taulo za kike atanufaika na pakiti mtakayompelekea, na mti ukimwagiliwa utaota hata kama aliyeupanda alikuwa anaiwaza kamera. Shida ni kwamba kazi hiyo yaweza kufanywa na benki, na kampuni ya simu, na hata na klabu ya mpira, na pengine wakaifanya vizuri kuwashinda kwa kuwa wana fedha. Kitivo cha elimu kina jambo moja ambalo hao wote hawana: kila mwaka kinapeleka mamia ya wanafunzi wake wakakae ndani ya shule, wiki baada ya wiki, wakisimama mbele ya watoto wa watu. Kwa hiyo nakushauri uanzie kwenye mazoezi ya kufundisha. Hapo ndipo usawa baina ya wanafunzi wenu na uhusiano wenu na jamii vinapokutana, na hapo ndipo kitivo kinapochukua kingi kuliko kinachorudisha.

Kabla ya kufika huko, tuelewane juu ya maneno mawili yaliyomo katika cheo chako. Usawa katika Kiswahili cha kila siku ni neno la fundi: ukuta uko sawa, meza imekaa sawa. Ndiyo maana kamati nyingi zinalitafsiri kuwa ni kumpa kila mtu kiasi kilekile, kisha zinalala usingizi. Ukimgawia kila mwanafunzi rimu moja ya karatasi umegawa sawa kabisa, lakini mwanafunzi asiyeona, anayeandika kwa nukta nundu, karatasi ile laini haimfai hata kidogo, kwa kuwa yeye anahitaji karatasi nzito inayoweza kushika alama. Mgawo ulikuwa sawa, na yeye hajapata kitu. Andika basi katika ukurasa wa kwanza wa mpango wako kwamba kamati itapima usawa kwa kuangalia nani amefika anakokwenda na nani amekwama njiani, na kwamba ukubwa wa mafungu yaliyogawiwa si kipimo chake.

Neno la pili, ushirikishwaji, lina kasoro iliyojificha katika umbo lake. Anayeshiriki huja kwa miguu yake. Anayeshirikishwa ameitwa na mwenye shughuli, ambaye amekwisha kupanga viti na kuamua nani akae wapi. Jamii nyingi zinazozunguka vyuo vyetu zimeshirikishwa mno. Zimejazishwa madodoso, zimehojiwa, zimepigwa picha, zimeshukuriwa. Kama amidi atakuruhusu kubadili neno moja tu katika hati ya kamati, libadili hilo liwe ushirikiano, kwa sababu ushirikiano unadai pande mbili, na kila upande unaweza kusema hapana.

Utakutana pia na wenzako watakaokuambia kwamba mada hii imeletwa na wafadhili, na kwamba itapita kama zilivyopita nyingine. Wakumbushe historia yao wenyewe. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu kilichokuwa Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, huku akitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitano baadaye, Machi 1967, ukatoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ambao hoja yake nzito ilikuwa kwamba shule tulizorithi zinamtenga mtoto na jamii yake na kumzoeza kuamini kuwa maarifa hutoka kitabuni tu, kana kwamba wazee wa kijijini hawana la kumfundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Chuo cha Ualimu Korogwe kililijaribu wazo hilo katika kijiji cha Kwamsisi, mkoani Tanga, kwa kujenga shule ya jamii ambamo kazi za kijiji zilikuwa sehemu ya masomo yenyewe, na baadaye mradi wa MTUU, yaani Mpango wa Tanzania, UNICEF na UNESCO, ukajaribu kueneza mbinu hiyo katika vyuo vingine vya ualimu. Katika miaka hiyohiyo Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyekuwa akifanya kazi Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwafanya wanakijiji wa Pwani kuwa watafiti wa mambo yao wenyewe, kazi iliyoendelea katika mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, na Budd Hall alikuwa akifikiri juu ya jambo lilelile katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Utafiti shirikishi, ambao wanafunzi wenu wa uzamili wanausoma leo katika vitabu vilivyochapishwa Ulaya na Marekani, ulikulia kwa sehemu kubwa hapa kwetu. Tumeusahau, na sasa tunauziwa.

Historia hiyohiyo ina onyo ambalo kamati yako inapaswa kulibandika ukutani. Azimio la Musoma la chama tawala, TANU, la Novemba 1974 liliagiza kwamba vijana wasiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita, bali wapitie kwanza jeshini na kazini, kisha wapate mapendekezo ya mwajiri na ya Chama. Nia ilikuwa ya haki: kuwafungulia mlango watu wazima wenye uzoefu na kuvunja tabaka la wasomi wasioijua nchi yao. Lakini idadi ya wanawake walioingia chuoni ikashuka, kwa kuwa miaka ile ya kusubiri ndiyo miaka ambayo binti anaolewa na kuanza kulea, na baada ya muda mfupi ikabidi wanawake wasamehewe sharti hilo. Nautaja mfano huu kila ninapoona kanuni nzuri imeandikwa na watu wenye nia njema, wakiwa wamejifungia ofisini.

Sasa twende kwenye mazoezi ya kufundisha. Chukua orodha ya vituo vya mwaka jana, ramani ya mkoa na kalamu nyekundu, kisha tia nukta kila shule iliyopokea wanafunzi wenu. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, katika kitivo nilichokuwa nikifundisha, nukta zilijipanga kandokando ya barabara ya lami kama kunguru juu ya waya. Hakuna aliyepitisha uamuzi kwamba shule za mbali ziachwe. Gari la wasimamizi ni moja, posho zinahesabiwa kwa siku, msimamizi anatakiwa awaone wanafunzi kadhaa kabla ya jua kuzama, basi orodha inajipanga yenyewe kufuata lami. Shule zilizobaki nje ya nukta ndizo zilezile ambazo mwalimu wa fizikia akihama nafasi yake hukaa wazi muda mrefu. Kikao chenu cha kwanza kiangalie ramani hiyo kabla ya kujadili jambo lingine lolote, wala msiipambe kwa maelezo, itazungumza yenyewe.

Upande wa wanafunzi nako kuna jambo ambalo ramani haitakuonyesha. Mwenye shangazi mjini atachagua shule ya mjini, atalala kwa shangazi na kula kwa shangazi. Asiye na mtu atapanga chumba kwa fedha za mkopo, na fedha za mafunzo kwa vitendo zikichelewa anaanza kuishi kwa kukopa dukani. Niliwahi kumkagua kijana mmoja wa mwaka wa pili katika shule ya kata. Andalio lake la somo lilikuwa safi, limeandikwa kwa mkono mzuri, hatua zote zimo. Lakini darasani alizungumza polepole, akaegemea meza zaidi ya mara moja, na mara mbili alisahau alichokuwa akikieleza. Katika fomu kulikuwa na kipengele cha uchangamfu wa mwalimu. Nikampa alama 2 kati ya 5 na kuandika kwamba ajitahidi kuamka. Wakati naaga ndipo mkuu wa shule aliponiambia, kwa sauti ya chini, kwamba kijana analala kwenye stoo juu ya madawati yaliyounganishwa, na kwamba tangu jana yake alikuwa amekula uji wa wanafunzi, basi. Nakala ya fomu alikuwa nayo mwenzangu kwenye gari jingine lililokwisha kuondoka, na nilipoifuata ofisini wiki iliyofuata alama zilikuwa zimeingizwa. Sikupigania zibadilishwe kama nilivyopaswa. Ninachotaka ukione hapo ni kwamba fomu yetu ilikuwa ya haki kwa maana ya fundi: kila mwanafunzi alipimwa kwa vipengele vilevile na mizani ileile.

Jambo unaloweza kulifanya bila fedha nyingi ni kuingiza hatua moja kabla ya upangaji wa vituo. Kila mwanafunzi aulizwe kwa faragha, kwa karatasi fupi, atalala wapi, atakula nini ikiwa fedha zitachelewa, na kama kuna hali yoyote ambayo mpangaji anapaswa kuijua: ulemavu, ugonjwa, ujauzito, mtoto anayenyonya. Karatasi hizo zisomwe na watu wawili tu. Halafu barua ya kwenda shuleni iulize kama shule ina chumba, kama kuna mwalimu anayeweza kumpokea mgeni, na kama mwanafunzi anaweza kuingizwa katika chakula cha shule kwa makubaliano ya kulipa fedha zikitoka. Wakuu wa shule niliowauliza walikubali karibu wote. Walikuwa hawajawahi kuulizwa.

Kuhusu wanafunzi wenye ulemavu, nchi yetu iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na ikatunga sheria yake mwaka 2010, kwa hiyo huhitaji kuombea hisani jambo ambalo ni haki. Lakini jihadhari na huruma. Mwanafunzi wetu mmoja asiyeona alipangiwa shule iliyo mtaa wa pili kutoka nyumbani kwao, na mpangaji alijisikia amefanya wema. Binti yule alikuja ofisini akiwa amekasirika, tena kwa haki. Alitaka kwenda mkoa mwingine, kwenye shule yenye kitengo cha wanafunzi wasioona, kwa sababu huko kuna mashine za nukta nundu na mwalimu anayeweza kusoma andalio lake la somo na kumkosoa. Karibu na nyumbani angekuwa mgeni wa kuonewa huruma. Kule mbali angekuwa mwalimu miongoni mwa walimu. Gharama ya msaidizi wake wa safari haikuwemo katika bajeti yoyote, tukachangishana. Kuchangishana ni jambo zuri mara ya kwanza. Mara ya pili ni dalili kwamba kitivo hakikujifunza kitu. Nauli ya msaidizi, na malipo ya mkalimani wa lugha ya alama kwa mwanafunzi kiziwi, viwe na fungu lake linaloandikwa mwanzoni mwa mwaka.

Lipo jambo jingine ambalo kamati za aina yako hulikwepa kwa kuwa linawagusa wenzetu. Msimamizi anayekwenda peke yake kumkagua mwanafunzi wa kike katika mji wa mbali, akiwa na fomu ya alama mkononi, ana mamlaka makubwa na shahidi hakuna. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Si utovu wa nidhamu wa kumalizwa kwa kikao cha wazee wa idara. Weka kanuni tatu nyepesi: tathmini ifanyike darasani na mrejesho utolewe katika eneo la shule saa za kazi, mwalimu mwenyeji awepo kwenye mrejesho, na kila mwanafunzi aondoke chuoni akiwa na namba ya dawati la jinsia na ya mtu mmoja nje ya kitivo. Utaambiwa unawatukana walimu wenzako. Vumilia.

Juu ya udahili sitakuchosha. Sifa za kuingia zinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, mikopo iko mikononi mwa Bodi ya Mikopo, na kamati ya kitivo haina meno huko. Mnachoweza kufanya ni kuhesabu walioanza mwaka wa kwanza na wasiofika wa pili, mkawatafuta na kuwauliza kilichowaondoa. Hiyo ni kazi ya simu na daftari.

Nirudi kwenye shule, maana ndiko kuliko na deni. Shule nyingi mnazotumia ni shule za kata, zilizoongezeka kwa kasi wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004. Wananchi walichangia fedha, wakabeba mawe na mchanga, wakafyatua matofali. Kwa hiyo darasa ambalo mwanafunzi wenu anakosea ndani yake, anajirekebisha, kisha anapata shahada, lilijengwa kwa jasho la mzazi ambaye mtoto wake ndiye anayekosewa. Mwalimu mwenyeji naye anamlea mwanafunzi wenu kwa mwezi mmoja na nusu au miwili, anasahihisha maandalio yake, anarudia mada iliyoachwa nusu baada ya mgeni kuondoka, na kutoka chuoni hapati hata barua ya shukrani yenye jina lake. Nimeona pia shule ambako wazazi wanachangia posho ya mwalimu wa kujitolea, na wanafunzi wa chuo walipofika, mwalimu yule akaambiwa apumzike mpaka watakapoondoka, na posho ikasimama. Wageni wetu walikuwa wamemkosesha mkate kijana aliyemaliza ualimu katika kitivo kama chenu, anayesubiri ajira.

Nitakusimulia kilichonifundisha zaidi. Mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi, mama mtu mzima asiyekuwa na haraka, alinipokea nilipokwenda na barua zangu zote: ya Katibu Tawala wa Mkoa, ya Mkurugenzi wa Halmashauri, ya Afisa Elimu, hadi ya Afisa Elimu Kata. Akazisoma moja moja. Halafu akavuta kitabu cha wageni, akanyosha kurasa, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu watafiti waliofika pale kwa miaka 3. Walikuwa 11. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, ni nani kati yao aliyerudi kusema alichokiona. Nikapitisha macho kwenye safu ya majina, nikaiona saini yangu mwenyewe, ya miaka 2 nyuma, na pembeni yake, kwenye safu ya maoni, mwandiko wangu: Nimefurahi sana, asanteni kwa ukarimu. Tasnifu iliyotokana na ziara ile ilikuwa imekwisha kutolewa, kwa Kiingereza, na imo maktabani. Hakunifukuza. Aliniambia niketi, akaniletea chai, na nadhani ile chai ndiyo iliyonikaa kooni.

Kwa hiyo kamati yako itunge sharti hili, nalo ndilo gumu kuliko yote: hakuna tasnifu wala utafiti wa mhadhiri utakaofungwa katika idara mpaka shule au kijiji kilichohojiwa kipelekewe kurasa 2 au 3 za matokeo, kwa Kiswahili chepesi, na mtafiti asimame mbele ya kikao akaulizwe maswali. Utakutana na pingamizi kwamba istilahi hazipo. Istilahi zipo, na pale ambapo hazipo, mtafiti ambaye hawezi kumweleza mzazi alichokigundua bila kutumia neno la kigeni ana kazi ya kufikiri iliyobaki.

Mkutano na wazazi una namna yake, na hapa ndipo waratibu wengi hukosea. Usiwaite chuoni. Ukiwaita watakuja wenyeviti na watu wenye mashati ya kola, watakaa ukumbini na kukubaliana nawe katika kila jambo. Nenda kwenye kikao chao cha kawaida cha wazazi, ile siku waliyokuwa wamekwisha kuipanga wenyewe, ukaombe dakika 40 kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, au wa bodi kama ni sekondari. Mtendaji wa kijiji au wa mtaa ajue mapema, maana barua zetu hupitia ngazi zote za halmashauri na kumfikia yeye mwisho, au zisimfikie kabisa. Usianze na maneno ya michango. Tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulipoondoa ada na michango ya lazima, wazazi wengi wamekuwa na masikio makali kwa mgeni yeyote anayekuja shuleni na neno jamii mdomoni. Wanasubiri kusikia wanadaiwa nini. Sema waziwazi kwamba hukuja kuomba kitu.

Kisha uliza swali moja: wanafunzi wetu wanapokuwa hapa, wanafanya nini ambacho mngependa waache, na hawafanyi nini ambacho mngependa wafanye? Halafu nyamaza. Wanaume waliokaa mbele watajibu kwanza, nao watajibu kwa hotuba. Waachie. Baada ya hapo omba watu wagawanyike makundi madogo, akina mama peke yao, na umtume mwenzako wa kike akakae nao chini ya mwembe na daftari. Tulipofanya hivyo, mambo tuliyoyapata katika makundi yale hayakufanana na hotuba. Mama mmoja alisema wanafunzi wetu huwaita watoto wa mwisho darasani kwa majina ya dhihaka. Mwingine alisema binti yake, aliyerudi shuleni baada ya kujifungua, aliulizwa na mwalimu mgeni mbele ya darasa kwa nini ana umri mkubwa. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi katika shule za kawaida, lakini hakuna somo hata moja katika kitivo chetu lililokuwa limemwandaa mwanafunzi kumpokea msichana huyo. Malalamiko yale ya chini ya mwembe yakawa mada ya wiki mbili katika kozi ya saikolojia ya elimu. Walimu wa shule nao walisema la kwao: mnatuletea wanafunzi wengi wa Historia na Kiswahili wakati sisi tunahitaji Hisabati, na mnawaleta wote kwa mkupuo halafu mnawaondoa kwa mkupuo.

Usikusanye maoni hayo kisha ukayaweka kabatini. Ushirikiano hupimwa kwa uamuzi ambao upande wa pili unaweza kuufanya na wewe ukalazimika kuufuata. Wape shule angalau uamuzi mmoja wa kweli. Mimi ningewapa huu: mkuu wa shule na bodi yake waamue wapokee wanafunzi wangapi, wa masomo gani, na kitivo kisiwazidishie. Ofisi ya mazoezi ya kufundisha italalamika kwamba hesabu haitatimia. Itatimia mkianza kutumia zile shule zisizo na nukta kwenye ramani. Wape pia viti 2 katika kamati, kimoja cha mwalimu mwenyeji na kimoja cha mzazi, na vikao vyenye wajumbe hao viendeshwe kwa Kiswahili kuanzia ajenda hadi muhtasari. Mzazi anayeketi saa mbili akisikiliza Kiingereza kisha akapewa karatasi asaini ameshirikishwa, kwa maana ile niliyokueleza hapo juu.

Makubaliano yenu na kila shule yaandikwe katika ukurasa mmoja. Kitivo kiahidi vitu ambavyo kina uwezo navyo: barua ya kumtambua kila mwalimu mwenyeji kwa jina, ambayo anaweza kuiweka katika jalada lake la utumishi, mafunzo ya siku moja ya ulezi wa wanafunzi walimu, yaunganishwe na utaratibu wa mafunzo endelevu ya walimu kazini ambao shule tayari zinao, na mwanafunzi asiondoke kabla hajamaliza mada aliyoianza. Shule nayo iahidi kumpa mwanafunzi mlezi mmoja anayejulikana, na kutomwachia vipindi vya walimu watatu kwa kuwa ni kijana na hawezi kukataa. Mwalimu wa kujitolea aliyepo asiondolewe. Afundishe pamoja na mwanafunzi wenu, na mara nyingi yeye ndiye atakayekuwa mlezi bora, kwa kuwa hajasahau ugumu wa mwanzo.

Kuhusu bajeti yako ndogo, itumie kwa nauli za wale wajumbe wawili, chai ya vikao, na uchapaji wa barua na wa zile kurasa za matokeo. Usinunue fulana zenye nembo ya kamati. Mtu atapendekeza, na pendekezo litaungwa mkono kwa shauku; kataa kwa upole.

Siku ya misaada wenzako wakiitaka, iacheni iwepo, ila shule ndiyo iseme inahitaji nini na siku gani, na taulo za kike zikabidhiwe kwa mwalimu mlezi wa wasichana ofisini, pasipo kamera.

Kwa mpango unaodaiwa kabla ya muhula kuisha, andika kurasa zisizozidi 4: ramani yenye nukta, karatasi ya maswali kwa wanafunzi, rasimu ya makubaliano, na majina ya shule 3 za kuanzia, moja ikiwa mahali ambapo gari la chuo halijawahi kufika. Nenda katika shule hizo wewe mwenyewe kabla ya kuuwasilisha mpango, ikiwezekana kwa daladala au bodaboda, ili ujue mwanafunzi wako atafikaje. Watakuletea kitabu cha wageni usaini. Kwenye safu ya maoni usiandike kwamba umefurahi. Andika tarehe utakayorudi, umwonyeshe mwalimu mkuu ulipoiandika.